Kipimo cha kidoleni kinasema niko salama, kifua kinakataa

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, nakaa Kimara na mume wangu na watoto wawili. Nafanya kazi ya ukarani kwenye mashine ya kukoboa na kusaga nafaka kule Manzese. Napokea hela, naandika risiti, nasimamia mizani viroba vikipimwa. Siingii kwenye mashine yenyewe, lakini meza yangu iko pale pale mlangoni, na ikifika saa kumi jioni nakuwa mweupe mpaka nyusi.

Utotoni nilikuwa na pumu. Ikapotea nikiwa shule ya msingi, nikaisahau. Kazi hii nimeianza miaka mitatu iliyopita, na mwaka jana kifua kikarudi: kubanwa usiku, kulia filimbi, kikohozi kikavu kisichoisha. Nilipoenda hospitali nikapewa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya kahawia niliivuta mpaka ikaisha, sikununua nyingine, maana ukiivuta husikii chochote. Ya bluu ndiyo inayonisaidia. Siku hizi jioni haipiti sijaivuta.

Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat aliponiona naangaika akaniletea kipima pumzi, kile cha plastiki unachopuliza kimshale kikapanda kwenye namba. Akasema nipime asubuhi na jioni niandike kwenye daftari. Mimi nami nikaongeza kile cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, nilikinunua Kariakoo. Nilidhani nikiwa na viwili nitakuwa na amani. Kumbe ndiyo nimejitafutia vita.

Ijumaa moja usiku nilibanwa vibaya. Nikapuliza, ikaja 190. Nikabana kidole, ikaja 97. Mume wangu akatazama ile ya kidole akasema, "Si unaona, oksijeni imejaa, lala." Nilivuta ile ya bluu, nikakaa nimeegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikaenda kazini.

Namba nazo zinanichanganya. Karatasi iliyokuwa kwenye boksi inasema mwanamke wa umri na urefu wangu anatakiwa apulize 430. Sijawahi kuifikia. Wiki ya kawaida inakuwa hivi: Jumatatu asubuhi 370, jioni 330. Jumatano asubuhi 350, jioni 300. Ijumaa asubuhi 330, jioni 280. Jumapili nikiwa nyumbani inapanda, 360 mpaka 370. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba wa mjomba Muheza, nikakaa kule zaidi ya wiki, siku za mwisho nikapuliza 390, na siku ya kurudi 400. Nilipoanza kazi tu, ikaanza tena kuporomoka. Nikiona imeshuka napuliza tena, na tena, hata usiku wa manane, mpaka kichwa kinazunguka.

Mume wangu anasema hicho kifaa ndicho kinachonitia ugonjwa, kabla hakijaja nilikuwa nabanwa na maisha yanaendelea. Mama mkwe anataka nijifukize na kuchoma ubani chumbani. Binti yangu wa darasa la tatu naye anakichukua anashindana na wenzake nani atafikisha kimshale juu. Kazini sijasema kitu, naogopa bosi atasema kama unaumwa pisha wengine.

Nikiamini kipi, dada? Au niviweke vyote kabatini?

Anayehema, Kimara

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na ule usiku wa Ijumaa, mengine yanaweza kusubiri. Ulitakiwa kwenda hospitali usiku ule ule. Uwezo wako ni 400, umeuona mwenyewe. 190 ni chini ya nusu yake, na pumzi ikishuka chini ya nusu ni dharura, hata kama mwenye pumzi hiyo bado anaweza kuongea na kubishana na mumewe. Umeamka salama, tumshukuru Mungu. Kwenda kazini asubuhi yake, kwenye vumbi, hapo nimeshika kichwa.

Kile cha kidoleni hakikukudanganya. Kilijibu swali ambalo hukuuliza. Chukulia pampu ya kisima ambayo bomba lake limeziba nusu. Ukiisukuma kwa nguvu zako zote ndoo itajaa tu, na anayeangalia ndoo peke yake atasema maji yapo, hajui mkono wako unakaribia kukatika. Kipimo cha kidoleni kinaangalia ndoo. Kipima pumzi kinaangalia bomba. Pumu inabana njia za hewa, wewe unahema haraka haraka, misuli ya shingo na mbavu inavuta kwa nguvu, na kwa muda wote huo damu inaendelea kupata oksijeni yake. Namba ya kidoleni huanza kushuka misuli ikishachoka, na hapo muda uliobaki ni mdogo. Madaktari wa Uingereza wanaihesabu oksijeni iliyo chini ya 92 kwa mgonjwa wa pumu kuwa ni shambulio la kutishia maisha. Sasa wewe ukikaa unasubiri namba hiyo ndipo uamini kwamba unaumwa, umechelewa.

Na kwa ngozi zetu kuna la ziada. Kifaa kile kinapitisha mwanga kwenye kidole. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha usomaji wake na vipimo vya damu, wakakuta wagonjwa weusi walikuwa na oksijeni iliyoshuka bila kifaa kuonyesha karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Weka juu yake piko ya harusini, rangi ya kucha, au vidole vilivyopoa. Kwa hiyo kikisoma chini, kimbia hospitali. Kikisoma juu wakati kifua kinabana, usikichukue kuwa ruhusa ya kulala.

Sasa ile karatasi ya kwenye boksi. Itupe. Namba yake ni wastani wa watu wengine waliopimwa mahali pengine, na watu wazima wa umri mmoja na urefu mmoja wanaweza kupishana sana huku wote wakiwa wazima. Kinachokuhusu ni namba yako bora, ile unayoifikia ukiwa mzima na dawa zako zimekaa sawa. Kwa sasa ni 400. Ukitibiwa vizuri inaweza kupanda zaidi, na ikipanda utapiga hesabu upya. Asilimia 80 ya 400 ni 320, nusu yake ni 200. Juu ya 320 endelea na siku yako na dawa zako za kila siku. Kati ya 200 na 320 njia zimeanza kubana: fuata maelekezo ya daktari kwa siku za namna hiyo, na kama hali ni hiyo siku mbili tatu mfululizo, rudi kwake. Chini ya 200 ni hospitali. Soma tena jioni zako za Jumatano na Ijumaa, 300 na 280. Ulikuwa unaishi eneo la tahadhari wiki baada ya wiki ukidhani ni uchovu wa kazi.

Chini ya 200 maana yake ni hivi. Unakaa wima, hulali. Unavuta ya bluu kupitia chupa (nitaieleza), mbonyezo mmoja mmoja, kuanzia 4 hadi 10, na unarudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, huku mumeo ameshaita bajaji. Husubiri kuona kama dawa itafanya kazi ndipo mwanzishe safari. Na hata kama kimshale kimesema 300, ukishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, ukishindwa kutembea mpaka mlangoni, midomo au ufizi ukabadilika kuwa wa kijivu, au ya bluu ikakupa nafuu ya muda mfupi tu kisha ukabanwa tena, nenda. Mwili ukikataa namba, fuata mwili. Inakuwa kosa pale mtu anapotumia namba nzuri kuunyamazisha mwili unaolalamika, na hicho ndicho mlichokifanya chumbani kwenu.

Chupa: chukua ya maji ya plastiki ya nusu lita, safi. Toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, lisiwe kubwa, inhela iingie kwa kubana na pembeni uzibe kwa gundi au plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Unaweka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, unavuta taratibu. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999, ikafanya kazi sawa na ile ya dukani. Ukiivuta inhela bila chupa, dawa nyingi inabaki kooni.

Kupuliza kwenyewe sitarefusha, mdogo wako naona alikuelekeza. Simama, rudisha kimshale sifuri, kidole kisizibe njia yake, jaza kifua, midomo ibane pande zote, kisha toa pumzi kwa mkupuo mmoja mfupi wa nguvu. Mkupuo wenyewe ndio unaopimwa, kwa hiyo kuendelea kupuliza mpaka macho yatoke hakuongezi kitu. Usiteme kama unatema kokwa la ubuyu, mashavu yakisukuma hewa kimshale kinapanda bure. Mara tatu, unaandika kubwa kuliko zote. Kama zile mbili kubwa zimepishana kwa zaidi ya 40, kuna mahali umekosea, pumzika upulize tena. Asubuhi pima kabla hujavuta dawa. Na kile cha kupuliza usiku wa manane mpaka kizunguzungu, acha. Ukibanwa: pima, vuta dawa, pima tena baada ya dakika 15 au 20 uone kama imepanda. Basi. Kupuliza mfululizo kunachosha kifua na wakati mwingine kunakibana zaidi, halafu unaziandika namba za mtu aliyechoka.

Ukibadilisha kifaa, anza hesabu upya. Vifaa viwili vinaweza kupishana kwa mtu yule yule, na vile vya zamani vilikuwa na mstari wa namba tofauti na wa sasa. Usikubali kuazimwa cha jirani ukalinganisha na daftari lako.

Na daftari lako ndilo lililonifanya niijibu barua hii mapema. Umeniandikia namba zako kama malalamiko, mimi nimezisoma kama ushahidi. Jumatatu inaanza vizuri kidogo, kila siku inashuka, Ijumaa iko chini kabisa. Jumapili inapanda. Ukikaa zaidi ya wiki mbali na Manzese inafika 400. Ukirudi, inaporomoka. Pumu ya kawaida hupanda na kushuka, asubuhi ndiyo mara nyingi mbaya, jioni inapoa. Yako inafanya kinyume: unaamka afadhali, unarudi umebanwa, na haijali kama ni masika au kiangazi. Inafuata ratiba ya kazi.

Vumbi la nafaka na la unga linajulikana kwa hili kwa muda mrefu sana. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu magonjwa yanayoletwa na kazi, na waoka mikate, wasagaji na wapima nafaka aliwapa nafasi yao, pamoja na kuhema kwao. Ngano ndiyo inayotajwa zaidi, lakini hata mahindi, muhogo, pumba na wadudu wa ghalani wanaweza kumfanya mtu azoee vibaya. Nasema azoee vibaya kwa sababu ndivyo inavyokwenda: miezi au miaka unafanya kazi bila shida, mwili unajifunza kulichukia vumbi hilo taratibu, na ukishajifunza, kiasi kidogo tu kinatosha kukubana. Ulianza kazi miaka mitatu iliyopita, kifua kikarudi mwaka jana. Inaingia humo kabisa.

Lakini sitaihukumu mashine bila kusikiliza upande wa pili. Ukisafiri Muheza hukuacha kazi peke yake. Uliacha jiko la mkaa, uliacha jirani anayechoma taka, uliacha foleni ya Barabara ya Morogoro na moshi wake. Inaweza kuwa mojawapo ya hayo. Ila msibani, kwa ninavyoijua misiba yetu, kulikuwa na kuni na masufuria makubwa na moshi wa kumliza hata asiye na machozi, na bado ukapuliza 390. Na Jumapili uko hapo hapo Kimara, jiko lile lile, jirani yule yule, na namba inapanda. Hapo mkaa na taka vinapungukiwa na kesi. Imebaki barabara na kazi, na barabara unaipita kwa saa moja mbili, wakati mlangoni pa mashine unakaa kutwa.

Kulithibitisha, kupima asubuhi na jioni hakutoshi. Madaktari wanaochunguza pumu ya kazini huomba vipimo visivyopungua vinne kwa siku, kwa wiki kadhaa, siku za kazi na siku za mapumziko. Kwa hiyo: ukiamka, katikati ya kazi, ukitoka kazini, na kabla ya kulala. Pembeni ya kila namba andika ulikuwa wapi, siku hiyo walikuwa wanasaga nini, umevuta ya bluu mara ngapi. Siku wanayosaga muhogo weka alama, siku ya ngano weka alama, siku mashine imeharibika ndiyo iandike kwa kalamu nyekundu. Kama una likizo, ichukue ndani ya kipindi hicho, maana Jumapili moja haitoshi kifua kilichochokozwa kupoa. Kisha peleka daftari hospitali. Kwako Sinza Palestina iko karibu na kazini, na wakiona inahitaji kipimo kikubwa cha mapafu wataandika rufaa ya kwenda juu, Muhimbili au kwingineko. Usiende na neno "nabanwa" peke yake. Wanaobanwa ni wengi, wenye daftari ni wachache, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atakuelewa kwa dakika moja akiona mistari inayoshuka kila wiki.

Kwa kuongezea tu, Martin Wright, Mwingereza aliyebuni kipima pumzi cha aina hii miaka ya 1950, alikuwa amefanya kazi kwenye kitengo cha utafiti kule Wales kilichoshughulika na mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Yaani kifaa chako kina ukoo na vumbi la kazini tangu mwanzo. Bwana huyo huyo anatajwa pia kwenye historia ya kipima ulevi ambacho trafiki wanawapulizisha madereva. Mumeo atakipenda kisa hicho.

Nirudi kwenye inhela ya kahawia. Husikii chochote ukiivuta kwa sababu kazi yake haifanyiki pale pale. Ya bluu inalegeza misuli iliyobana, ndani ya dakika chache unapumua, baada ya saa kadhaa imekwisha. Ya kahawia inatuliza uvimbe uliomo ndani ya njia za hewa, na hiyo inachukua siku na wiki za kuivuta kila siku, ukiwa mzima au mgonjwa. Kumpa mtu mzima mwenye pumu inhela ya bluu peke yake ni jambo ambalo miongozo ya kimataifa imeachana nalo tangu 2019, kwa sababu watu wa namna hiyo ndio wanaozidiwa ghafla. Na wewe umejiweka humo mwenyewe kwa kuacha kununua. Kuvuta ya bluu kila jioni ni ishara tosha kwamba ugonjwa haujashikwa, hata kama usingekuwa na kipima pumzi. Mwulize daktari akurudishie ya kahawia, au kama kwako inafaa ile yenye dawa mbili ndani yake inayotumika kuzuia na kutuliza. Ukivuta ya kahawia sukutua mdomo uteme, vinginevyo ulimi utaota utando mweupe.

Mumeo ana hoja nusu. Kifaa kinachopulizwa ovyo usiku kucha bila kujua namba ikiwa mbaya ufanye nini, kweli kinatia ugonjwa, kinatia wa wasiwasi. Dawa yake ni mpango kwenye karatasi, ubandikwe mlangoni mwa kabati: 320, 200, nini kinafanyika, namba ya simu ya dereva wa bajaji anayelala karibu, na hela ya nauli iliyotengwa ambayo haiguswi hata gesi ikiisha. Akishaiona 200 imeandikwa, hatalazimika kubahatisha kwa kutazama kidole chako. Mwombe akusomee namba na kuiandika. Wanaume wengi wanaodharau kitu wanakilinda vizuri wakishakabidhiwa.

Mama mkwe mshukuru kwa upendo na ukatae kwa adabu. Mvuke haufungui njia zilizobanwa na pumu, na maji ya moto yameshaunguza wengi. Ubani na udi ni moshi, na moshi chumbani kwa mtu mwenye pumu haufai hata kama unanukia vizuri kiasi gani. Dawa ya mbu ya kuchoma pia. Mwambie daktari amekataza moshi wote, daktari atalibeba lawama.

Binti usimpe akichezee. Mate ya watu kadhaa kwenye mdomo mmoja wa plastiki, katika mji wenye kifua kikuu, siyo mchezo mzuri. Kioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kikauke, kiweke juu.

Umeniuliza kuhusu bosi kwa kuogopa, na woga wako naujua. Usianze naye. Anza na daktari, upate maandishi kwamba kifua chako kinaathiriwa na vumbi la kazini, kisha ndiyo uzungumze, na uzungumze kuhusu meza, siyo kuhusu ugonjwa: meza ya karani ihamie upande wa barabarani au chumba chenye mlango, risiti ziandikwe huko, mizani asimamie mwingine. Hilo halimgharimu kitu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini la unga. Zile nzito zinazobana uso zinapunguza, ila kwa mtu ambaye mwili umeshalichukia vumbi, umbali ndiyo kinga ya kweli, na kadiri unavyokaa mbali mapema ndivyo kifua kinavyokuwa na nafasi ya kurudi. Akikataa, ujue una pa kwenda. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wanaokagua sehemu za kazi na kusimamia upimaji wa afya za wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, unahusika na magonjwa yanayotokana na kazi pamoja na ajali. Huko kote watakuuliza ushahidi, na ushahidi ni lile daftari na cheti cha daktari.

Kwa hiyo kabatini hakiendi kitu. Kipima pumzi kikae karibu na kitanda, cha kidoleni kiwepo lakini kisipewe neno la mwisho. Siku ya kliniki beba inhela zote, hata ile ya kahawia iliyoisha, na chupa yako, na uombe muuguzi akutazame ukivuta na ukipuliza mbele yake.